Tisa juu ya kumi, lakini kwa nani?

Kwenye kibanda cha Play (PlayStation, gemu za runinga za kulipia) kilicho karibu na kwetu, Katuba, hapa Lubumbashi, kuna kaye, yaani daftari, ya kurasa mia inayoning'inia kwa kamba kando ya runinga, kalamu imefungiwa hapo hapo kwa uzi. Kila mechi ikilipwa, mwenye kibanda anapiga mstari mmoja chini ya jina la gemu. Mistari minne inasimama, wa tano unaikata mshazari, kisha fungu jipya linaanza. Jumapili usiku anahesabu mafungu, na anajua gemu gani imelisha nyumba na gemu gani imekula umeme bure.

Mwaka jana alitaka kuagiza diski mpya kutoka Lusaka. Kabla ya kutuma pesa aliniita, maana mtaani kwetu mimi ndiye ninayesoma Kiingereza kwenye simu.

"Mwana, hii jeu banasema je juu yake?"

Nikatafuta. "Papa, bameipatia tisa juu ya kumi."

Hakuuliza zaidi, nami sikusoma zaidi. Diski ikafika, ikaingizwa kwenye mashine, na kioo kikatangaza kwamba sehemu kubwa ya gemu bado haijapakuliwa: gigabaiti 40 na zaidi. Kwa bei ya mega za intaneti hapa Lubumbashi, na kwa umeme unaokatika kabla upakuaji haujafika nusu, gemu ile haijachezwa hadi leo. Jina lake lipo kwenye kaye, limeandikwa kwa herufi kubwa juu ya ukurasa, na chini yake hakuna mstari hata mmoja.

Mhakiki aliyetoa tisa hakudanganya. Gemu ni nzuri, nimeona video zake. Muzee naye hakufanya ujinga kuiamini. Kosa lilikuwa langu mimi niliyemsomea namba nikadhani nimemsomea uhakiki, na tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza kwa dhati namba hizi zinafanya kazi gani, na kama zinastahili kubaki.

Wahakiki wa Ulaya na Marekani wamelibishania swali hilo miaka mingi. Huyu anasema namba inaua maandishi, mwenzake anajibu kwamba msomaji ana haraka na ana haki ya kujua upesi. Naona wanazungushana kwa sababu vitu vitatu tofauti vimevishwa vazi moja, na kila mmoja anagombana na kitu chake.

Kuna namba iliyohesabiwa. Kaye ya muzee ni ya aina hiyo, na asilimia inayoonekana kwenye Steam, duka la gemu la mtandaoni, ni ya aina hiyo pia. Pale Steam mnunuzi hatoi pointi. Anasema tu anaipendekeza gemu au haipendekezi, dole juu au dole chini. Ukikuta gemu ina asilimia 95, maana yake ni kwamba katika kila watu 100 walioacha neno, 95 waliinua dole. Inawezekana wote 95 waliiona ya kawaida tu, ya kupitishia jioni. Gemu ndogo isiyomkera mtu itapata asilimia kubwa kuliko gemu kubwa yenye ujasiri inayowagawa watu. Kwa hiyo 95 ya Steam si 9.5 juu ya 10, ingawa jicho linataka sana iwe hivyo.

Kuna alama iliyotolewa. Mtu mmoja mwenye jina amekaa na gemu siku kadhaa, akaandika, na mwishoni akaweka 8. Hiyo ni hukumu yake. Hakuna alichohesabu. Ni sawa na mwalimu wa insha anapoandika pointi pembeni mwa karatasi.

Halafu kuna wastani, unaopikwa kwa alama za watu wengine. Huu ndio unaosafiri mbali kuliko zote, na ndio ulioleta madhara makubwa, kwa hiyo nitakaa nao kidogo baadaye.

Alama ya kutolewa ina asili ya heshima. Katika miaka ya 1980 gemu ziliuzwa kwa kaseti, na wanunuzi wengi walikuwa watoto wenye pesa ya kununua moja kwa muda mrefu. Gazeti la Uingereza Zzap!64, lililoanza 1985 kwa ajili ya wenye kompyuta ya Commodore 64, lilitoa asilimia kwa kila kipande: picha, sauti, jinsi gemu inavyokunasa, jinsi itakavyodumu, thamani ya pesa, kisha jumla. Mtoto mwenye pesa ya kaseti moja alikuwa anasaidiwa kuchagua. Muzee wa Katuba ni ndugu wa mtoto yule.

Japani walifanya kwa namna yao. Gazeti la Famitsu, lililoanza 1986, huwapa gemu moja watu wanne. Kila mmoja anatoa alama juu ya 10, zinajumlishwa zinakuwa juu ya 40. Mwaka 1998 The Legend of Zelda: Ocarina of Time ilikuwa ya kwanza kupata 40 kamili. Mimi ninaupenda mtindo huu kuliko mingine yote, kwa sababu ya jambo dogo: alama nne zinachapishwa kando kando. Ukiona 9, 9, 8 na 5, unajua palepale kwamba kuna mmoja ambaye hakufurahi, na unatafuta maneno yake. Jumla ipo, lakini haijawafuta watu walioitengeneza.

Sasa tuje kwenye kipimo chenyewe, maana hapa ndipo sisi wa Kongo tunapopotea zaidi.

Tuna masikio yetu ya kusikilizia namba, na tuliyapata shuleni. Asilimia 50 ni kupita. Matokeo ya mtihani wa serikali yakitoka, aliyepata 52 anamwagiwa poda kichwani sawa na aliyepata 68, na avenyu nzima inatoka nje kushangilia. Chuo kikuu, kwa mfumo tuliokulia nao, 70 ni distinksio, na nyumbani wanachinja. Chini ya nusu ndiko kwenye wino mwekundu. Mtu mwenye masikio hayo akisikia gemu imepata 7 juu ya 10, anasikia sifa kubwa.

Mhakiki wa gemu akiandika 7, mara nyingi anamaanisha: si mbaya, lakini kama huna muda iache. Nusu ya chini ya kipimo karibu haitumiki. Sababu yake ya kwanza haina uovu wowote. Kila wiki gemu nyingi mno zinatoka, na wahakiki wachache wanachagua zile ambazo wasomaji wanaziuliza, yaani kazi za kampuni kubwa, zilizosuguliwa na mamia ya watu kwa miaka. Zile mbovu kabisa hazifiki mezani. Ni kama shule inayopokea wanafunzi bora peke yao. Huwezi kushangaa wastani wa darasa ukiwa 75.

Sababu ya pili ni hasira za mashabiki. Mwaka 2006 Jeff Gerstmann, mhakiki wa tovuti ya GameSpot, aliipa gemu ya The Legend of Zelda: Twilight Princess 8.8 juu ya 10. Kwa kipimo chetu cha shule hiyo ni nusura ya daraja la juu kabisa. Mashabiki waliipokea kama tusi, wakamshambulia kwa sababu haikufika 9. Walikuwa hawajaicheza gemu bado, wengi wao.

Ya tatu ni pesa. Novemba 2007 Gerstmann huyo huyo aliipa Kane & Lynch: Dead Men alama 6.0, wakati kurasa za GameSpot zilikuwa zimejaa matangazo ya gemu hiyo hiyo, yaliyolipiwa na Eidos, kampuni iliyoitoa. Muda mfupi baadaye akafukuzwa kazi. Mwaka 2012, vifungo vya kisheria vilipoondoka, alieleza mwenyewe kwamba alama zilizowakera watoa matangazo ndizo zilizomfukuzisha. Ukishajua habari hiyo, unaelewa kwa nini kuna wahakiki ambao mkono unakuwa mzito kushuka chini ya 6.

Juu ya msingi huo uliopinda, tovuti ya Metacritic ilianza 2001 kujenga wastani wake. Inakusanya alama za magazeti na tovuti nyingi, inazigeuza zote ziwe juu ya 100, na inatoa namba moja yenye rangi. Kwa gemu, kijani kinaanzia 75, njano ni 50 hadi 74, nyekundu ni chini ya 50. Wekundu wao unaanzia pale pale ulipo wetu wa shule. Kijani ndicho kinachochelewa. Na kwa filamu, kwenye tovuti hiyo hiyo, kijani kinaanzia 61. Yaani 65 ya filamu ni sifa na 65 ya gemu ni onyo.

Ugeuzaji wenyewe una mambo yake. Mhakiki anayetoa nyota tatu na nusu kati ya tano huwa anawaambia wasomaji wake kwamba gemu ni nzuri. Metacritic inaisoma 70, inaipaka njano. Wanaotumia herufi kama walimu wa Marekani wamepata zaidi: B-, ambayo kwao ni kazi nzuri yenye kasoro, inakuwa 67. Hakuna aliyewahi kuandika 67 kwenye uhakiki ule. Namba imezaliwa njiani. Tena tovuti inawapa baadhi ya wahakiki uzito kuliko wengine, na uzito huo hauweki wazi.

Chukua kalamu uone jambo jingine. Gemu ya kwanza imepata 7, 7, 7, 7. Gemu ya pili imepata 10, 10, 4, 4. Zote mbili wastani wake ni 7, yaani 70 juu ya 100. Ya kwanza haitamuudhi mtu na haitakumbukwa. Ya pili kuna watu watakaoipenda kuliko gemu yoyote ya mwaka ule, na kuna watakaoirudisha dukani kesho yake. Ukinipa wastani peke yake umenificha kitu pekee nilichohitaji kukijua.

Wakati huo kuna watu wanaokula kwa namba hiyo. Mwaka 2010 studio ya Marekani, Obsidian, ilitengeneza Fallout: New Vegas kwa ajili ya kampuni ya Bethesda. Mwaka 2012 Chris Avellone wa Obsidian alisema hadharani kwamba mkataba uliahidi malipo ya ziada kama Metacritic ingefika 85. Ilifika 84. Wafanyakazi wa mgodi huku Katanga wanaijua bonasi inayokatwa kwa kukosa tani chache, lakini tani angalau inapimwa kwa mizani. Ile pointi moja ingeweza kuletwa na mhakiki mmoja aliyeamka vibaya, au na B- moja iliyogeuzwa kuwa 67.

Kwa hiyo ninawaelewa waliochoka. Februari 2015 tovuti ya Eurogamer ya Uingereza iliondoa alama zake, ikaweka maneno machache ya kupendekeza au kuonya. Tovuti ya Polygon ya Marekani iliacha 2018, na nadhani walikuwa bado wanakumbuka Machi 2013. Mwezi ule gemu mpya ya SimCity ilitoka, nayo ilidai intaneti muda wote, hata kwa mtu anayecheza peke yake nyumbani. Polygon ilikuwa imeicheza kabla ya watu wote kuingia, kwenye seva zisizo na msongamano, ikaipa 9.5. Gemu ilipouzwa, seva zikaelemewa na wanunuzi hawakuweza kuingia. Polygon ikashusha hadi 8, kisha 4, baadaye ikapandisha hadi 6.5. Wengi waliwacheka kwa kuyumba. Mimi naona walikuwa wakweli kupita kawaida, kwa sababu walionyesha mbele ya watu wote kwamba 9.5 ilikuwa ya gemu pamoja na intaneti nzuri, na intaneti nzuri ilipoondoka, namba ikaondoka nayo. Kwa kibanda cha Katuba, kila siku ni kama ile wiki ya Machi 2013.

Gemu ya Cyberpunk 2077 ilirudia somo hilo kwa mashine. Desemba 2020, kabla ya siku ya kuuzwa, wahakiki walipewa ya kompyuta peke yake, na wastani ukapita 90. Waliokuwa na PlayStation 4 wakanunua kwa imani hiyo, wakakuta gemu inakwama, inazima, watu barabarani wanazama ardhini. Tarehe 18 Desemba Sony iliiondoa kwenye duka lake. Ukiangalia Metacritic leo, ya kompyuta ina 86, ya PlayStation 4 ina 57. Jina ni lile lile, picha ya jalada ni ile ile. Na PlayStation 4 ndiyo mashine ya vibanda vyetu.

Baada ya yote haya mtu angetegemea niseme namba zifutwe. Sisemi hivyo, na sababu yangu iko Lubumbashi.

Muzee anasoma Kiswahili, na Kifaransa cha shuleni. Uhakiki mwingi umeandikwa kwa Kiingereza, maneno elfu moja na mia tano ya mtu anayemwandikia mwenzake wa London au Chicago. Katika ukurasa ule wote, namba ndiyo kitu pekee kinachovuka mpaka wa Kasumbalesa bila mkalimani. Anayesema "waache wasome maandishi" anamfikiria msomaji aliyezaliwa na lugha ya maandishi hayo. Ukimwondolea muzee namba bila kumpa kitu badala yake, umemrudisha kwenye picha ya jalada na maneno ya muuza diski, na hao wawili hawajawahi kumwambia kwamba gemu ni mbaya.

Tena alama humlazimisha mhakiki kukata shauri. Maneno yanaweza kuzunguka: "wapenzi wa aina hii wataipenda", "ina mambo mazuri na mapungufu yake". Ukitakiwa kuandika namba, unabanwa. Mwaka 2020 kampuni ya EA ilitoa gemu ya mpira FIFA 21 ya mashine ya Nintendo Switch ikiwa gemu ya mwaka uliotangulia iliyobadilishiwa vikosi na jezi. Tovuti ya IGN ikachapisha tena uhakiki wake wa mwaka uliotangulia, ikaweka 2 juu ya 10. Mtoto wa miaka kumi asiyejua neno moja la Kiingereza alielewa asitoe pesa yake. Sijui maneno gani yangefanya kazi ile kwa upesi ule. Eurogamer yenyewe ilirudi 2023, safari hii kwa nyota tano.

Kinachokosekana ni masharti ya namba. Mwalimu akiandika 14, anaandika juu ya 20, somo gani, muhula gani. Namba ya gemu inatembea uchi. Ilichezwa kwa mashine ipi? Kwa intaneti ya namna gani? Na mtu mmoja sebuleni, au na vijana wanane wanaopokezana maneti mbili, vile vishikio vya kuchezea? Mhakiki wa California haandiki hayo kwa sababu anadhani wasomaji wake wote wanaishi kama yeye, na kwa sehemu kubwa ni kweli. Hatuwezi kumdai atuandikie sisi. Tunaweza kuandika wenyewe, kwa Kiswahili, na ndicho nilichoanza kukifanya kwa kibanda kile baada ya aibu ya diski ya Lusaka.

Ni karatasi moja kwa kila gemu. Juu ninaandika nimeijaribu kwa mashine ipi. Kisha: diski peke yake inatosha au inadai kupakua, na kama inadai, gigabaiti ngapi. Watu wangapi wanaweza kucheza kwenye runinga moja. Umeme ukikatika katikati, unarudi ulipokuwa au unaanza upya. Kifaransa kipo kwenye menyu au hakipo. Chini ya hayo yote ninaweka alama yangu juu ya 10, na ninasaini, ili mtu akikasirika ajue wa kumfuata. Alama ninaitoa kwa masikio ya shule yetu: 5 imepita, 7 ni ya kujivunia.

Karatasi ya kwanza ilikuwa ya gemu ya mpira. Nilimpa muzee nikiwa na fahari nayo. Aliisoma taratibu, kidole kikifuata mistari, akafika kwenye 7, akarudi juu, akasoma tena.

"Na dakika?" akauliza.

Sikuelewa.

"Mwana, siku ya posho foleni inafika mpaka ku mulango. Kama mi-temps moja iko dakika sita, batoto banapigana. Inapunguka, ao haipunguke?"

Sikuwa nimeangalia kabisa. Nikawasha mashine, nikaingia kwenye mipangilio, nikakuta kila kipindi kinashuka hadi dakika nne. Nikachukua kalamu ya kaye, ile yenye uzi, nikaiandika juu ya karatasi kabla ya mstari wa kwanza.